Gari Lako Limeteremka Kilindini: Jinsi ya Kulipokea Mwenyewe

Ujerumani mnunuzi wa gari jipya anaweza kulifuata kiwandani kwa miguu yake. Volkswagen wana minara miwili ya vioo mjini Wolfsburg, magari yamepangwa humo kama vikombe kabatini. BMW nao walifungua jumba lao la kukabidhia magari mjini Munich mwaka 2007. Mteja hupewa ufunguo, huonyeshwa kila kidude, kisha huingia barabarani. Sisi wa Mombasa gari letu hutoka Japani, mara nyingi limekwisha kutumika, na tunakutana nalo kwa mara ya kwanza kwenye yadi ya vumbi huko Changamwe au Miritini, jua likiwa utosini. Hakuna anayesimama kukuelekeza. Mnunuzi ni wewe, mkaguzi ni wewe.

Nimepokea magari manne kwa njia hii: langu, la dada yangu, na mawili ya jamaa wa Malindi na Voi ambao hawakuweza kuja. La kwanza lilinitesa kwa sababu ya tarakimu moja tu. Namba ya chesi, ile inayochongwa kwenye bati kutambulisha kila gari, iliishia na 6, kwenye hati ya shehena ikaandikwa 8. Gari lipo mbele yangu, naligusa kwa mkono, lakini mbele ya forodha halikuwa langu. Tulikaa siku tisa tukingoja hati irekebishwe, na kila siku gari linapolala yadini lina gharama yake. Tangu hapo kila kitu nakianza kwa namba ya chesi na kukimaliza kwa namba ya chesi.

Hatua ya kwanza: umri wa gari, kabla hujapenda rangi yake

Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limezidi miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza, na usukani lazima uwe kulia. Kwa mwaka 2025 hiyo ilimaanisha magari yaliyosajiliwa 2018 kuja huku; kwa 2026 ni 2019 kuja huku. Ukiona gari zuri lenye bei ya kutupa mwezi wa Novemba, angalia mwaka wake kwanza. Muuzaji anajua kwamba mwaka ukigeuka hataweza tena kulileta Kenya. Na kinachotazamwa ni gari limefika Mombasa lini, si ulilipa lini. Meli ikichelewa ikaingia Januari, umenunua gari lisiloweza kuingia nchini. Mimi gari la mwaka wa mwisho siligusi baada ya Septemba, liwe rahisi namna gani.

Tarehe ya usajili wa kwanza imo kwenye cheti cha kufutiwa usajili Japani, na mara nyingi huandikwa kwa hesabu ya Kijapani. Heisei 30 ni 2018. Heisei 31 iliishia tarehe 30 Aprili 2019, na kesho yake ikaanza Reiwa 1. Kwa hiyo ukiona Reiwa, jumlisha 2018: Reiwa 3 ni 2021. Soma mwenyewe, usisomewe.

Kisha dai karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi gari lilipouzwa mnadani Japani. Muuzaji wa kweli huituma bila kununa. Gredi ya 4 au 4.5 ni gari lililotunzwa, 3.5 lina alama zake, na R maana yake limewahi kugongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari utaona herufi na tarakimu: A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni mahali palipopigwa rangi upya, XX ni kipande kilichobadilishwa. S ndiyo ya kuiogopa sisi watu wa pwani. Inatokana na neno la Kijapani sabi, yaani kutu. Magari ya kaskazini, Hokkaido hasa, hutembea juu ya barabara zinazomwagwa chumvi kuyeyusha theluji, na chumvi hiyo hula chini ya gari. Ukilitoa huko ukalileta Nyali au Bamburi kwenye upepo wa bahari, kutu itaendelea pale ilipoachia.

Hatua ya pili: hesabu kodi kabla ya kutuma hata senti

KRA, mamlaka ya mapato, haitegemei risiti yako. Ina orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya, ile inayoitwa CRSP, kisha hupunguza kulingana na umri wa gari na kupata thamani ya forodha. Kodi zote hukaa juu ya thamani hiyo.

Tuseme thamani ya forodha ni shilingi 1,000,000 na injini ni ya petroli, kubwa kuliko 1500cc. Ushuru wa forodha ni 35%, yaani 350,000. Ushuru wa bidhaa ni 25%, lakini haukatwi kwenye milioni moja. Hukatwa kwenye 1,350,000, kwa hiyo ni 337,500. VAT ya 16% nayo hukatwa baada ya kujumlisha vyote viwili, kwenye 1,687,500, ikawa 270,000. Ongeza ada ya tamko la uagizaji 2.5%, ambayo ni 25,000, na ada ya reli 2%, ambayo ni 20,000. Jumla ni 1,002,500. Kodi imelingana na gari lenyewe.

Injini ikiwa 1500cc au chini yake, ushuru wa bidhaa ni 20% na jumla inashuka hadi 924,200. Ndiyo maana Fielder na Fit za 1490 na kitu zimejaa mjini. Petroli inayozidi 3000cc na dizeli inayozidi 2500cc hukatwa 35%. Viwango hivi huguswa kila bajeti inaposomwa mwezi wa Juni, basi hakiki na KRA wiki ile unayonunua.

Bima ya shehena ya baharini inunue hapa Kenya. Tangu 2017 waagizaji wanatakiwa kuikata kwa kampuni za hapa. Kwa hiyo mwambie muuzaji akupe bei ya gari pamoja na nauli ya meli tu, usimlipe bima ya huko ukaja kukata nyingine huku.

Hatua ya tatu: ajenti, na nani anashika pesa

Tafuta ajenti wa forodha mwenye leseni ya KRA. Orodha yao iko wazi, tafuta jina la kampuni humo. Muulize ada yake ni kiasi gani, muandikiane kabla hajagusa karatasi yako, na ada hiyo itengwe na kodi, malipo ya yadi na malipo ya kampuni ya meli. Akikupa bei moja ya jumla isiyochambuliwa, shukuru, uende kwa mwingine.

Pesa za kodi usimpe mkononi wala kwenye simu yake. Ajenti akishaingiza tamko, mfumo wa KRA hutoa hati ya malipo yenye namba. Chukua hati hiyo, nenda benki, lipa mwenyewe, risiti ibaki kwako. Nimeona mzee mmoja wa Kisauni, mstaafu, akilia getini kwa sababu kodi aliyompa mtu haikufika inakotakiwa na gari lilikuwa linakula gharama za yadi. Ajenti mwaminifu haoni vibaya ukilipa mwenyewe. Wengi hupendelea hivyo, kwa sababu nao huepushwa na lawama.

Hatua ya nne: gari likiwa baharini

Kabla halijapakiwa, lazima gari likaguliwe huko huko na kampuni iliyoteuliwa na KEBS, shirika la viwango la Kenya, na kupewa cheti cha kufaa barabarani. Muulize muuzaji kwa maneno haya haya: cheti kimetoka au bado? Akijibu kitafuata meli ikishang'oa nanga, zuia malipo yaliyobaki.

Safari kutoka Yokohama, Nagoya au Kobe huchukua kama mwezi hadi mwezi na nusu, kwa kuwa meli hupitia bandari nyingine. KPA, mamlaka ya bandari, hutoa orodha ya meli zinazotarajiwa katika siku 14 zijazo. Chukua jina la meli kwenye hati ya shehena, ulifuatilie humo mwenyewe badala ya kumpigia ajenti kila asubuhi.

Karatasi zikifika kwa kuria utakuwa na nne: hati ya shehena, ankara, cheti cha kufutiwa usajili na cheti cha ukaguzi. Zitandaze mezani zote pamoja. Mwite mtu mwingine wa nyumbani. Mmoja asome namba ya chesi kwa sauti, herufi kwa herufi, mwingine afuate kwa kidole kwenye karatasi ya pili, kisha ya tatu, kisha ya nne. Mimi hufanya na dada yangu. Yeye husoma kama anayekagua hesabu za duka, polepole, na akifika kwenye 6, 8, 0 au herufi B hurudia mara mbili. Ni kazi ya dakika tano. Kosa likionekana meli ikiwa bado majini, kurekebisha ni barua pepe tu. Likionekana gari likiwa yadini, ni zile siku tisa zangu.

Jua pia kwamba magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana namba ya herufi na tarakimu 17 kama ya Ulaya. Yana kifupisho cha modeli, kistari, kisha tarakimu, kwa mfano NZE161 na kistari na tarakimu saba. Karani akikuambia namba yako imepungua, haijapungua, ndivyo ilivyo.

Hatua ya tano: siku ya yadi

Meli ikifunga Kilindini, madereva wa bandari huyateremsha magari mlangoni mwa meli moja baada ya jingine, kisha mengi hupelekwa yadi za nje ya bandari. Ajenti atakuambia lako liko wapi. Maofisa wa forodha hulikagua kulinganisha na karatasi, kampuni ya meli hutoa idhini ya kukabidhi, yadi hulipwa, ndipo geti pasi itoke. Huko nyuma ya madirisha huna la kufanya isipokuwa kungoja na kuuliza kwa adabu. Kazi yako iko kwenye gari lenyewe.

Nenda asubuhi, kabla jua halijawa kali na makarani hawajachoka. Vaa viatu vya kufunika. Beba kitambulisho, tochi, waya za kushtulia betri, pampu ndogo ya upepo, chupa mbili za maji, na simu yenye picha zote za gari ulizotumiwa kabla ya kununua. Na nenda na fundi wako. Wangu ni mzee wa Mikindani ambaye hata hasemi sana. Hutandika kipande cha mkeka chini ya gari, hulala chali, na kwa dakika kumi unaona miguu yake tu.

Siku ya gari la dada, kijana wa yadi alikuja na kitabu chake. "Bosi, weka saini hapa tumalize, kuna foleni."

Mzee akasema kutoka chini ya gari, bila kutoka: "Mwanangu, usitie saini. Soma namba kwanza."

"Naam, mzee," nikamjibu, nikafungua boneti.

Namba imechongwa kwenye bati lenyewe, mara nyingi ukutani nyuma ya injini, kwa magari mengine sakafuni karibu na kiti cha mbele, chini ya kifuniko kidogo cha zulia. Ifute kwa kitambaa chenye maji, imulike tochi kutoka pembeni ili mikato itoe kivuli, ipige picha. Ilinganishe na karatasi. Hapo ndipo kazi nyingine ianze.

Usifute bodi kwa mkono wala kitambaa kikavu hata kama huoni rangi kwa vumbi. Vumbi la yadi ni kama msasa, litakuachia mikwaruzo ambayo haikuwemo Japani. Mwagia maji pale unapotaka kuona, uache yateremke. Zunguka na picha mkononi: bonyeo hili lilikuwepo? Kioo cha mbele kina ufa? Vioo vya pembeni vyote viwili vipo?

Fungua buti, inua ubao wa chini. Speya, jeki na spana ya magurudumu huwa na tabia ya kutoweka njiani. Kadi ya ramani ya dashibodi na mazulia pia. Lakini tazama picha kabla ya kulaumu mtu, kwa kuwa magari mengi ya siku hizi hutoka kiwandani bila speya, badala yake kuna chupa ya dawa ya pancha na pampu. La dada lilikuwa na speya na jeki kwenye picha, na buti ilikuwa tupu. Tuliandika vitu vyote viwili kwenye karatasi ya makabidhiano kabla ya saini, kijana akaondoka, akarudi na mkubwa wake. Jeki ilipatikana. Speya haikuonekana, lakini kwa kuwa imeandikwa, yadi ililipa. Kilichoandikwa baada ya saini hakuna anayekisoma.

Magurudumu yana simulizi yake. Tafuta tarakimu nne ndani ya kiduara kwenye ubavu wa tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la umri huo libadilishe hata kama meno yake yamejaa. Na ukiona neno STUDLESS, hayo ni matairi ya theluji. Mpira wake ni laini makusudi, ili ushike barabara ya barafu. Kwenye lami ya Mombasa mchana huisha upesi, na gari hujisikia linaelea unapokata kona. Yakufikishe nyumbani, kisha yatoe.

Sasa fungua mlango wa dereva, utazame nguzo yake. Gereji za Japani hubandika kistika pale, au chini ya boneti, wanapobadilisha oili: tarehe, na kilomita. Ni ushahidi mzuri kuliko maneno ya mtu yeyote. Kistika kikisema kilomita 78,000 mwaka wa Reiwa 3 na dashibodi inasema 61,000 leo, mita imerudishwa nyuma. Piga picha hapo hapo, umtumie muuzaji kabla hujaondoka.

Betri ikiwa imekufa usishtuke. Gari limesimama wiki nyingi. Kwa Aqua na haibridi nyingine nyingi betri ndogo ya 12V iko nyuma, si chini ya boneti. Likiwaka, liache ling'orome dakika kumi. Taa za onyo zinatakiwa kuwaka zote ukifungua swichi, kisha kuzimika injini ikiwaka. Taa ambayo haikuwaka kabisa inatia shaka kuliko inayobaki inawaka, kwa sababu huenda kuna aliyeitoa balbu. Jaribu AC mpaka itoe baridi, rivasi, wipa, madirisha yote, na uhesabu funguo. Ufunguo wa pili wa gari la kisasa si wa kuchonga kwa mia mbili.

Hatua ya sita: namba na bima, kisha barabara

Ombi la usajili hupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kwa kawaida ajenti hulianzisha. Soma rasimu kabla haijapelekwa: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, rangi, ujazo wa injini, mwaka, na namba ya chesi kwa mara ya mwisho. Kosa la logibuku, ile hati ya umiliki, utaliona siku unauza gari. Kata bima, angalau ile ya kulinda watu wengine, ndipo uingie barabarani. Bila namba na bima usidanganywe na mtu anayekuambia ni hapa na hapo tu.

Ukitoka getini nenda kituo cha mafuta cha kwanza, kwa kuwa magari hupakiwa melini na mafuta ya kuvuka uwanja tu. Pima upepo wa magurudumu. Ukiwasha gari, sauti ya mwanamke wa Kijapani itakuambia jambo kwa upole. Anasema kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Watoto wa dada walimpenda wakakataa asichomolewe. Redio yako itaishia 90 au 95, maana Japani hutumia masafa ya chini kuliko yetu yanayofika 108. Fundi wa redio ana kidude kidogo cha kuunganisha na waya wa antena, na kazi haichukui saa nzima.

Wiki ya kwanza osha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo ya chumvi. Kama maji ya kisima chako yana magadi, peleka mahali penye maji ya mfereji. Badilisha oili ya injini hata kama inaonekana safi, na umwambie fundi atazame ya gia. Kisha fungua sanduku la dashibodi, litoe, uchomoe kichujio cha hewa ya ndani kilicho nyuma yake. Changu kilikuwa kimejaa majani makavu, membamba kama sindano, ya mti nisioujua.